Ubeti Mmoja kwa Bidoni Moja

Mtaani kwetu Kamina maji tulikuwa tukiyapima kwa wimbo. Chemchemi ilikuwa chini ya mteremko, nyuma ya nyumba za wafanyakazi wa reli, na maji yalitoka kwenye bomba fupi la chuma lililochomekwa ukingoni kabla sijazaliwa. Unaweka bidoni yako ya lita ishirini chini ya bomba, unaanzisha wimbo, na wanawake wote walio kwenye mstari wanaitikia. Ulikuwa wimbo wa Kiluba wa kanisani kwetu, sisi Wamethodisti, wenye beti tano na mwendo wa taratibu. Ubeti mmoja na kiitikio chake ukiisha, bidoni imejaa. Unaiondoa, mwenzako anaweka yake, na wimbo unaendelea na ubeti wa pili. Wakatoliki nao waliuimba bila kinyongo, ingawa walikuwa na nyimbo zao. Sijui nani alianzisha desturi hiyo. Nadhani ilikuwa dawa ya magomvi, maana mtu akiwa anaimba ni vigumu kumtukana aliye mbele yake.

Siku hizi wimbo huo siuwezi. Ukitangazwa kanisani natoka nje kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, nasimama ukutani mpaka uishe. Watoto wangu wanajua sababu, watu wengine wanadhani ni kifua.

Baba yangu alikuwa karani wa reli, na kazi yake moja, ile aliyoipenda, ilikuwa kupima mvua. Kifaa chenyewe kilikuwa kopo la zinki lenye mdomo wa faneli, juu ya mti uliosimikwa uani pa stesheni. Kila asubuhi saa moja kamili aliyamimina maji yaliyokusanyika ndani ya chupa ndefu yenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, akaandika namba kwenye kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Siku ambayo mvua haikunyesha aliandika sifuri, na sifuri yake ilikuwa ya duara zuri kama ya kuchorwa kwa sarafu. Hakuruka siku hata moja, si Krismasi wala siku tuliyomzika mama.

Wanajeshi walipopora mji, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwetu walichukua redio, cherehani ya marehemu mama, na saa ya mkononi ya baba aliyokuwa amepewa na mkubwa wake wa kazi. Kopo la zinki walilipiga teke wakaliacha. Baba alilibeba pamoja na kitabu chake akaja kulisimika uani kwetu, katikati ya mihogo, akaendelea. Hakuna aliyemwomba tena zile namba. Mshahara ulikuwa umegeuka jina tu, na treni zilikuja zilipojisikia. Lakini saa moja asubuhi, shule ilipogonga kile kipande cha reli kilichotundikwa kuwa kengele, baba alikuwa amekwisha simama mbele ya kopo lake, shati limefungwa vifungo vyote.

Mimi nilikuwa nimerudi kuishi kwake na watoto wangu wawili baada ya mume wangu kufariki. Nilifundisha darasa la tano. Lazima niseme wazi jinsi nilivyokuwa, la sivyo haya mengine hayataeleweka. Nilikuwa mtu wa kusahihisha watu. Nilimsahihisha muuza samaki hesabu yake hata alipokuwa amekosea kwa faida yangu. Nilimsahihisha mchungaji mlangoni pa kanisa, mbele ya mkewe. Baba alicheka, akasema nimezaliwa na chaki mkononi, na mimi nililichukua lile kuwa sifa.

Juu ya lile bomba la maji kulikuwa na mushitu. Ndivyo tunavyouita msitu mdogo mnene unaokaa kwenye kichwa cha kijito, mahali penye unyevu ambapo hata mwezi wa nane, nchi nzima ikiwa rangi ya vumbi, majani ni ya kijani na ardhi inazama chini ya mguu. Udongo wa mule ndani ulikuwa mweusi, mwepesi, umejaa mizizi na majani yaliyooza tangu enzi za mababu. Ukiuchukua kiganjani na kuukamua, unatoa maji. Kuanzia hapo kijito kilishuka bondeni, kikakutana na vingine, na maji yetu yakaenda kuishia Lualaba.

Mushitu ulikuwa chini ya ukoo mmoja wa wakulima Wakatoliki, waliokuwapo kabla ya reli na kabla ya mji. Wakati ninaousema, aliyeuangalia alikuwa mama mmoja wa umri kama wangu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde, rozari shingoni na jembe begani, na mtoto wake wa tatu alikuwa darasani kwangu. Sheria zao zilikuwa mbili tu. Shoka haliingii mle, na moto hauingii. Kuni zilizoanguka zenyewe unaokota, lakini baada ya mvua za kwanza, si kabla. Tulikuwa tukitaniana vizuri yeye na mimi. Aliniita Madame, kama watoto wa shule, huku akichezesha mabega, na mimi nilimwita askari wa majani.

Kisha vita vikaja. Vya kwanza vilipita upesi, wanajeshi wapya badala ya wa zamani, tukapiga makofi barabarani. Vya pili ndivyo vilivyokaa. Mstari wa mbele wa vita ulikuwa kaskazini kwetu, na sisi Kamina tulikuwa nyuma yake. Ndege zilitua kwenye kambi ya jeshi mchana kutwa, treni zilibeba askari tu, na watu wa kaskazini walikuja kwa miguu na magodoro vichwani. Shangazi yangu, mdogo wake baba, alifika kutoka Kabongo na watoto sita na sufuria moja. Walilala sebuleni. Shuleni nilikuwa nikifundisha zamu ya mchana tu, kwa kuwa asubuhi madarasa yalikuwa bado na watu waliolala humo, na moshi wa vyakula vyao.

Watu wote hao walikula bukari, ugali wetu, na bukari inataka moto. Pori la karibu lilikwisha mwaka wa kwanza. Baiskeli za makala, yaani mkaa, zilizokuwa zikitoka mbali ziliacha kuja, maana njiani askari walichukua makala na baiskeli. Ikafika siku nikapika sombe, majani ya mihogo, kwa miguu ya kiti. Hapo ndipo macho ya mtaa mzima yalipogeukia mushitu.

Mkutano ulifanyika uani pa kanisa letu, Jumapili baada ya ibada, na wasio wa kanisa letu walikuja pia. Wazee wa mtaa walisema watu wanateseka, miti iko pale, ichomwe makala, kila nyumba ipate sehemu yake. Mama wa mushitu alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa.

"Minyi sina na masomo," alisema. "Lakini ile mushitu njo inalalisha mayi. Mukikata miti, mayi itakosa pa kulala. Itaenda yote."

Watu walitazamana. Walikuwa wanamwogopa kidogo, na hata waliotaka makala walikuwa na ile chembe ya shaka. Mzee mmoja akasema, "Tuko na Madame hapa. Atufasirie bya masomo."

Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha safari ya maji. Nilikuwa nimechora ubaoni kama kitabu kilivyochora: bahari, jua juu yake, mvuke unapanda, wingu linasukumwa na upepo hadi mlimani, mvua, mto, halafu bahari tena. Mishale minne. Katika mchoro ule hapakuwa na mti hata mmoja. Nyumbani kabla ya mkutano nilikuwa nimemwomba baba kitabu chake cha mvua, naye alikifunga kwenye plastiki akanikabidhi kwa mikono miwili. Alikuwa na furaha. Tangu mji uporwe hakuna mtu aliyekuwa amekihitaji.

Basi nilisimama, nikafungua kitabu mbele ya watu. Nikawaonyesha miaka ambayo msitu wa upande wa matanuru ya matofali ulikatwa wote, nikawasomea namba za kabla na namba za baada. Mvua haikupungua. Nikawaeleza bahari, wingu na mishale. Mvua inatoka mbali sana, nilisema, haijui kama huku kuna mti au hakuna. Yule mama aliuliza tena, na ile mayi inalala wapi, na mimi nikamjibu, "Mama, mayi haina macho. Hailale."

Watu walicheka sana. Alicheka hata baba, aliyekuwa ameketi benchi la mbele. Yule mama alijifunga kitenge vizuri akakaa. Nilikaa nami, na nakiri nilijisikia vizuri kama siku niliyopata cheti changu.

Waliukata ndani ya wiki tano. Si wote. Upande wa ng'ambo, palipo na kinamasi kirefu, mashoka hayakufika mwaka ule. Upande wa huku, ulio juu ya bomba, ulilala wote, na matanuru ya udongo yakajengwa pale pale juu ya ile ardhi nyeusi. Makala yalikuwa mazuri, mazito, ya kulia kama chuma ukiyagonganisha. Tulipata magunia manne. Sitasema uongo kwamba yalinichoma moyo. Shangazi alipika bukari ya watu kumi na moja mara mbili kwa siku, watoto wake wakaanza kunenepa mashavu, na mimi nililala vizuri.

Tanuru moja halikuzimwa sawasawa, na moto ukaingia ardhini. Kama hujawahi kuona udongo unaowaka, ni vigumu kuamini. Hakuna mwali. Moshi mweupe unatoka chini, hapa kidogo, pale kidogo, ardhi inatitia, mti uliobaki unaanguka wenyewe kwa kukosa mizizi. Tulimwaga maji, tukatupia mchanga, ukatokea mahali pengine. Uliwaka wiki kadhaa, na harufu yake ilikaa kwenye nguo zetu na kwenye daftari za wanafunzi. Mvua za kwanza ndizo zilizouzima. Pale palipokuwa na udongo mweusi wa kuingiza mkono mpaka kiwiko, palibaki jivu la rangi ya chungwa, na chini yake udongo mgumu kama sakafu.

Leo nafundisha somo lile tofauti, kwa sababu nilitafuta vitabu vingine, nikasoma kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Mti unavuta hewa, unaitoa kaboni humo, unaigeuza mwili wake. Ukianguka na kuozea mahali penye maji, mwili huo haupotei, unakuwa ule udongo mweusi, mwaka juu ya mwaka. Udongo huo ndio unaoyashika maji ya mvua na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Na miti yenyewe hupumua maji kurudi angani, kiasi kwamba mvua inayoshuka kwetu nyingi yake imekwisha shuka na kupanda mara kadhaa katika misitu iliyo njiani kabla ya kutufikia. Yote tuliyoyachoma kwa wiki chache, makala na udongo, yalikuwa yamewekwa akiba kwa muda nisioweza kuuhesabu. Yule mama alikuwa ameyasema hayo yote kwa maneno matatu, kwamba mushitu unalalisha maji, nami niliwachekesha watu.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Kopo la baba lilijaa mara kwa mara, na kila nilipoona namba nilimwangalia shangazi kana kwamba yeye ndiye aliyebisha. Niliyasema mpaka sokoni: mnaona? Kijito kiligeuka chekundu, kikavuma siku mbili baada ya kila mvua, kikanyamaza. Hilo nililiona pia. Sikujiuliza kwa nini.

Kiangazi kilipoingia, bidoni ilijaa kwa beti mbili. Wanawake walidhani ni sababu ya aliyekuwa anaanzisha, kwamba anaimba haraka. Mwezi uliofuata zikawa tatu. Mwaka wa pili, wakati vita bado viko pale pale na watu wanazidi kuja, wimbo mzima wenye beti tano uliisha na bidoni bado haijafika shingoni.

Tangu mvua za mwaka ule wa kwanza zilipoanza kupungua, baba alikuwa ameanza kushuka chemchemini kila asubuhi. Alipima mvua saa moja, akaandika, akachukua fimbo yake na kitabu, akateremka. Alikaa juu ya jiwe karibu na bomba. Wanawake walimtania: "Tata ya mvua amekuya kuimba na banamuke! Leo utaimba sauti ya ngapi?" Yeye aliondoa kofia akawasalimu, akaimba nao kwa besi. Nilidhani ni uzee, ni upweke wa mtu asiye na kazi. Niliona aibu kidogo, kusema kweli. Siku moja nikamwambia abaki nyumbani, jua ni kali. Akasema jua halijamkataza.

Alinionyesha kitabu asubuhi ya siku ya mapumziko ya shule. Tulikuwa uani, karibu na kopo.

"Mutoto wangu, angalia hapa," alisema. Kidole chake kilishuka na safu ya mvua. "Mwaka ya mbele. Na hii mwaka. Mvua iko sawa, hata imepita kidogo. Unaona?"

Niliona. Nilikuwa karibu kufurahi.

"Sasa ona hapa pembeni."

Pembeni mwa kila ukurasa, kwa mwandiko wake mdogo, kulikuwa na namba nyingine: moja, moja, moja na nusu, mbili, mbili, tatu.

"Ni nini hizi, Tata?"

"Ni beti. Saa yangu waliiba, njo nilipima na wimbo. Ni beti ngapi mpaka bidoni inajaa."

Niliifuata safu ile kwa kidole. Namba za pembeni zilikuwa zinapanda mpaka tano, mpaka sita, na safu ya mvua kando yake haikubadilika.

"Kitabu haikudanganya," alisema. "Siye njo tulikiuliza kintu yenye hakiyue. Inapima mvua yenye inaanguka. Haipime yenye inabakia."

Alifunga kitabu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile, kwamba ingefaa niende niseme. Nilimuuliza niseme nini.

"Useme ulikosa. Balikusikia mu kanisa, basikie tena mu kanisa."

"Na miti itarudi, Tata?"

"Ile ya ng'ambo iko ingali. Bantu beko na njaa ya makala, kesho bataingia kule. Maneno yako njo ilifungua mulango. Weye njo utafunga."

Nikamwambia nitasema Jumapili. Na Jumapili nikasema nina malaria. Jumapili iliyofuata mtoto wangu ndiye alikuwa na malaria. Nilikaa wiki sita bila kwenda kanisani, mimi niliyekuwa nikiwahesabu wanaochelewa. Niliandika hotuba kwenye daftari, nikaipasua, nikaiandika tena. Kila toleo lilikuwa na maelezo mengi na neno moja lililokosekana. Sikuweza kumwona yule mama akinisikiliza. Tangu siku ya mkutano hakunitania tena. Tulipokutana alisema "Jambo, Madame," mabega yametulia, akapita na jembe lake.

Baba hakunisukuma. Aliniuliza mara mbili tu, "Umesha kusema?" Mara ya pili nilimjibu vibaya. Nilisema nina midomo kumi na moja ya kulisha na vita nje, na yeye anahangaika na nyimbo. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaenda kumwaga kopo lake, ingawa halikuwa na kitu.

Jambo moja lilinishangaza wakati huo. Mashoka hayakuingia ng'ambo. Makala yalikuwa yameadimika tena, watu walikuwa wanachoma maganda ya mahindi, na ile miti ilikuwa pale, mita mia mbili tu. Nilijiambia watu wamechoka. Nilijiambia pia kwamba basi, hakuna haja tena ya kusema.

Mstari wa chemchemi ulikuwa sasa unaanza alfajiri na kufika mpaka kwenye reli. Wengi walishuka zaidi bondeni, kwenye shimo ambalo maji yaliyosimama yalikuwa yamekusanyika chini ya vyoo vya wakimbizi. Kila mtu alijua maji yale ni ya kuchemsha, na kila mtu alikosa cha kuchemshia. Baba alipanga mstari kama wengine, lakini akifika karibu na bomba alimpa nafasi yake mama yeyote mwenye mtoto mgongoni. Nilimgombeza. Nilidhani anarudi na bidoni tupu kwa sababu ya wema tu. Sikujua kwamba, ili asinirudie mikono mitupu, siku nyingine alikwenda kuteka shimoni maji ya kufulia, na yake ya kunywa aliyachota humo humo, akituachia sisi yale ya bomba ndani ya mtungi.

Alianza kuhara Jumanne asubuhi. Kituo cha afya walitupa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji safi, na hayo maji safi nilikwenda kuyaomba nyumba kwa nyumba kwa kikombe. Watu walinipa. Sitasahau kwamba walinipa. Jumatano alizungumza vizuri, akamwambia mwanangu mkubwa aende kusoma kopo, na mtoto akarudi akasema sifuri, baba akasema aandike. Alhamisi mchana, shangazi akimshika miguu nami nikimshika kichwa, alifariki. Aliniangalia kabla ya hapo, na nilijua anataka kuniuliza nini, na nikatazama pembeni.

Kwetu, maji ya kumwoshea marehemu hayakopwi. Wanawake wa familia huyateka wenyewe, asubuhi ya maziko, kwenye chemchemi aliyokunywa maisha yake. Basi Ijumaa tulishuka, mimi, shangazi na binti zake. Mstari ulikuwa mrefu, na wote walitupisha. Yule mama wa mushitu alikuwa wa kwanza kwenye bomba. Aliondoa bidoni yake, ikiwa haijafika nusu, akapokea yetu mikononi mwangu akaiweka yeye.

Hakuna aliyesema tuimbe. Shangazi alianzisha tu, na wanawake wakaitikia. Beti tano ziliisha, na maji yalikuwa yamefunika kitako cha bidoni na zaidi kidogo. Uzi wa maji ulikuwa mwembamba, ukitetemeka. Tukaanza tena tangu mwanzo. Nilisikia pengo pale besi ya baba ilipokuwa ikiingia, na kila mmoja alilisikia, kwa sababu kila tulipofika hapo sauti zilipungua kana kwamba zinampisha. Mara ya pili iliisha. Tukaanza ya tatu. Katikati ya ubeti wa nne nilishindwa, nikapiga magoti kwenye lile tope, mbele ya wote.

"Nilikosa," nilisema. "Siku ile mu kanisa nilikosa. Mama alisema kweli. Minyi njo niliua mayi. Tata aliniambia nikuye kusema, nikaogopa."

Wimbo ulikuwa umekoma. Ilisikika tu ile sauti ndogo ya maji ndani ya plastiki. Nilingoja yule mama anitukane. Nilitaka anitukane.

Aliinama akanishika mkono wa juu, si kwa upole sana, kama anavyoinua mzigo, akanisimamisha.

"Tunajua, Madame," alisema. "Tata alishaka kutuambia."

Sikumwelewa. Akanieleza huku akisafisha magoti yangu kwa ncha ya kitenge chake. Ilikuwa Jumapili ya kwanza niliyokosa kwenda kanisani. Baada ya ibada baba alisimama na kitabu chake, akawaomba wamsikilize. Aliwaita hata Wakatoliki watoke misani waje. Aliwasomea mvua, akawasomea beti. Aliwaambia kosa ni la kitabu chake na la macho yake, akamwomba mama huyu msamaha kwa jina mbele ya watu wote, akawasihi wasiguse ng'ambo. Mimi hakunitaja.

"Na juu ya nini hamuna yeyote aliniambia?" niliuliza.

Aliangalia bidoni kwanza, kuona imefika wapi.

"Alitukatalia," alisema. "Alisema, mutoto wangu atakuya kusema yeye mwenyewe, mumungoje. Njo tulikungojaka, Madame. Siye wote."

Kisha akawageukia wenzake, na kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde akaurudisha ubeti wa nne, maana maji yalikuwa bado.